Jero yangu banda la video Pasua: spika kali, mtafsiri kaua dokumentari

Aisee wakuu, kuna mtu aliuliza kama lile banda la video kule Pasua, Moshi, linafaa kwa asiyetaka mpira (jina silitaji, mwenye banda tunasalimiana kila siku), nikasema ngoja niandike maana Jumatano nilikuwepo. Jero mlangoni, mabenchi ya mbao hayana mgongo, projekta inapiga kwenye shuka jeupe lenye alama ya kuungua pasi chini kulia, ukikaa mbele unaiona mwanzo mwisho. Spika ndo usiseme, helikopta ikiruka unaisikia kifuani kabisa. Kashata za yule mama wa mlangoni ni tamu kuliko muvi nyingi za humo.

Siku hiyo waliweka dokumentari ya marubani wa helikopta wa Marekani waliopewa Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote ya jeshi lao, kwa vita ya Vietnam, imetafsiriwa, yaani jamaa anaongea Kiswahili juu kwa juu. Mi ni mgonjwa wa helikopta tangu mtoto, zile zinazoenda mlimani kuchukua watalii waliozidiwa mpaka leo natoka nje kuziangalia na umri wangu huu.

Stori yenyewe nzito. Novemba 14, 1965, bonde la Ia Drang, askari wameshushwa kwenye kiwanja kidogo kilichopewa jina X-Ray, wamebanwa, majeruhi wamelala kwenye majani na helikopta za majeruhi zimegoma kutua sababu risasi zimezidi. Meja Bruce Crandall na Kapteni Ed Freeman kazi yao ilikuwa kushusha askari, majeruhi hawakuwahusu, ila wakajitolea, wanaingia na risasi na maji wanatoka na majeruhi, wanageuza wanarudi tena, hivyo hivyo mpaka usiku. Crandall peke yake aliruka mara 22, na wote wawili walitoa majeruhi kama 70. Na zilikuwa Huey, helikopta za kubebea watu, maelezo ya nishani zao yanasema kabisa helikopta haikuwa na silaha. Sasa utamu wote si uko hapo jamani, mtu anaingia kwenye risasi na hana cha kujibu.

Mtafsiri akafanyaje? "Hapo Freeman anawamwagia moto, tatatata, adui chaliii!" Banda zima miluzi. Kuna mzee mmoja hukaa nyuma, alipigana Kagera, huwa haongei, akauliza taratibu tu, "Wajukuu zangu, hiyo ndege bunduki yake iko wapi?" Watu wakacheka, mi nikarudisha macho kwenye shuka, kweli bwana, mlango uko wazi, ndani mtu amelazwa kafungwa bandeji kichwani, mkono unaning'inia nje.

Nishani zenyewe jamaa kazipitia juu juu, hakugusa kabisa kwamba Freeman alikuja kuvalishwa 2001 na Crandall 2007, watu washazeeka.

Kipande cha pili ndo alinimaliza. Rubani Larry Taylor, Juni 18, 1968, usiku, askari wanne wamezingirwa, Taylor risasi zinakaribia kumwishia akawa anawasha taa za kutulia ili adui wadhani anawashambulia bado, halafu akashuka kuwachukua. Na helikopta yake ni Cobra, ya kushambulia, ina siti mbili tu, yake na ya mwenzake! Wale wanne wakadandia kwa nje, kwenye mabomba ya roketi na vyuma vya kutulia, wakaruka hivyo hivyo. Mtafsiri anasema "wakaingia ndani wakafunga mlango". Mlango upi bro, na picha tunaiona? Huyu nishani kubwa kapewa 2023, miaka 55 baadaye, hilo nalo kimya.

Nikamfuata mwenye banda baada ya hapo, akaniambia mangi, wateja bila tatatata wanaondoka, mi nifanyeje. Sikumlaumu sana, analipa umeme yule na genge lake ni la vijana. Ila tukakubaliana Jumatatu saa kumi, kabla watu hawajajaa, aiweke isiyotafsiriwa, flashi naleta mwenyewe.

Nyota tatu kwa tano, moja na nusu ya spika. Jumamosi msiende kama hamfuati mpira, mtasimama. Na bebeni kitu cha kukalia. Yule mzee jero yake ya Jumatatu ameshaitoa, kaomba awekewe benchi la mbele.