Fundi wa CD pleya za zamani Kariakoo: nyota 4 kati ya 5, na yako ikigoma kuwaka soma kwanza hapa

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo, nampa nyota 4. Huduma yenyewe ni kutengeneza zile CD pleya za kubeba, Discman kama tulivyozoea kuziita zote hata kama sio za Sony. Yangu ni ya Kijapani ya miaka ya 90, inakula betri 2 za AA na ina tundu la adapta la volti 4.5 ubavuni, niliinunua mtumba kwa sababu nina boksi zima la CD za taarabu na bongo fleva za enzi zile na laptop za siku hizi hazina hata pa kuziingizia. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba inapiga, na akanitupia na adapta juu "zawadi dada". Nimefika nyumbani kimya. Na sio ile ya kuwaka halafu ikagoma kusoma CD, hapana, imezima ziii, kioo hakitoi hata mstari mmoja.

Fundi mwenyewe ni mzee fulani, hapendi kutangazwa kwa hiyo jina siliweki, ana kibanda nyuma ya maduka ya spika na ukiuliza mafundi redio wa kule watakupeleka. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakukimbilia bisibisi. Swali la kwanza lilikuwa "Mwanangu, hii umeichomeka na adapta gani?" Nikampa ile ya zawadi, akaigeuza akasoma mgongo wake, akanionyesha kale kamchoro ka duara chenye alama ya jumlisha na kutoa. Kwenye mashine jumlisha iko katikati ya pini, kwenye adapta jumlisha iko nje. Yaani umeme ulikuwa unaingia kinyumenyume, na juu ya hapo adapta imeandikwa volti 9, kaipima na mita ya kupimia volti ikasoma 13 na ushee, maana zile za zamani za transfoma nzito zikiwa hazina mzigo, yaani hazijachomekwa kwenye mashine, zinapanda zaidi ya kilichoandikwa. Akaitupa chini ya meza akasema "huyu ndo mchawi wako."

Sasa hapa ndo uzuri wake, bado hakufungua. Kwanza akasukuma ile swichi ya HOLD huku na huku, kumbe wengi wanakuja pale na mashine nzima kabisa ila HOLD imefungwa na vitufe vyote vimelala, na anakuambia ukweli, hachukui hata mia. Halafu akatoa betri zangu akaweka za alkalini mpya. Hizi betri za bei chee za saa ya ukutani zitakudanganya, ukizipima zinasoma volti 1.5 safi lakini mota ikianza kuzungusha CD inataka moto mwingi kwa mpigo na betri inaanguka hapo hapo, unaona kioo kinawaka nusu sekunde kinazima. Akabonyeza na kale kaswichi ka kwenye mfuniko kwa kijiti, maana mashine ikidhani mfuniko uko wazi haizungushi kitu.

Bado kimya. Akamulika tochi kwenye chumba cha betri, kwenye springi kuna unga mweupe na ukijani kidogo, hiyo ni betri iliyosahaulika humo miaka ikavuja. Pamba ya masikio, tone la ndimu, anasugua taratibu mpaka chuma kinang'aa, halafu spiriti kufuta ile ndimu yenyewe isije ikala bodi. Ule unga unachoma, usipangusie macho.

Ndo akafungua. Hapa jamani kama huna mkono mtulivu usijaribu nyumbani, kuna waya bapa mwembamba unaounganisha lenzi na bodi, ukivuta mfuniko kwa pupa unauchana na hapo mazishi. Alichonionyesha sikukijua kabisa. Kwenye springi za betri mita inasoma 3.1, kwenye bodi sifuri. Umeme unapotelea wapi? Kwenye tundu la adapta! Mle ndani kuna kachuma kanakokata betri ukichomeka adapta, na ukichomoa kanarudi kugusana. Changu kilikuwa kimeshika kutu hakigusani tena, kwa hiyo mashine iliamini adapta imechomekwa muda wote. Akakasugua na kipande cha msasa laini akapuliza spiriti, betri ikafika kwenye bodi.

Upande wa adapta nako akakuta fyuzi imekufa, kadude kadogo kuliko punje ya mchele, akagusa na ncha za mita haikulia. Fundi wa haraka angeiruka kwa kipande cha waya na ingewaka vizuri tu, mpaka siku utakapochomeka adapta mbaya tena na kuunguza bodi nzima. Huyu akang'oa fyuzi kwenye bodi ya mashine nyingine mfu akachomelea. Akanusa pia bodi, nikashangaa, kumbe mashine nyingi za mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90 kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi, huvuja na zinatoa harufu ya samaki, na zikishakula njia za shaba ni kazi ya siku nzima. Yangu haikunuka.

Ikawaka. Elfu 15 jumla, sikubishana.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu kadhaa. Hatoi risiti. Waranti ni neno lake la mdomo. Kibanda ni joto balaa na anakuacha katikati ya kazi kwenda kumsikiliza mteja wa subufa. Na kazi ya kapasita haigusi, anasema macho hayamruhusu tena, kwa hiyo yenye harufu ya samaki tafuta mwingine.

Kuhusu mashine yenyewe, sauti tamu, nyimbo inaruka nikitembea lakini hilo sio kosa la fundi, ni toleo lisilo na memori ya kuzuia kuruka.

Ukienda, nenda asubuhi, beba betri mpya za alkalini na adapta yoyote uliyowahi kuichomeka hata kama unaona aibu nayo. Na kama yako imeshindikana kabisa usiitupe, anazinunua mfu kwa ajili ya spea.