Gego langu la chini na kliniki ya ghorofa ya pili, Kisumu

Mimi ni seremala, natengeneza vitanda na kabati upande wa Kibuye. Kazi ya fundi mwenzangu huwa naikagua pale ambapo mteja haangalii: nyuma ya droo, chini ya meza, ndani ya kiungo. Kwa hiyo anayetaka kujua sofa za mapokezi zikoje asinisubiri. Kliniki ya meno ninayoizungumzia iko hatua chache kutoka Oginga Odinga Street, juu ya duka la vitambaa. Jina siliandiki, maana wenyewe wamesema foleni waliyo nayo inawatosha. Ukiulizia pale chini kwa wauza vitambaa utaonyeshwa ngazi.

Tatizo lilikuwa gego la chini kushoto, lile kubwa la kwanza, upande unaotazamana na jirani yake wa mbele. Kwenye kioo huoni kitu. Uzi wa meno ndio uliotoboa siri: kila ukipita hapo unatoka umechanika. Eksirei ikaonyesha kivuli cheusi chini kidogo ya pale meno yanapogusana, kimeshavuka enameli, lile ganda gumu la nje, na kuingia kwenye dentini, sehemu laini zaidi iliyo chini yake. Hapo ni pabaya kuziba kwa sababu hapafikiki ila kwa kushuka kutoka juu ya jino, na ukishafika, ukuta mmoja umeondoka wote na unatakiwa uusimamishe upya kwenye nafasi isiyopitisha hata karatasi.

Nilipanda ngazi zile nikiwa na kinyongo. Gego la kulia lilizibwa kwingine, mji mwingine, na tangu hapo nikila nyama natembea na kijiti. Jino limejazwa vizuri tu kwa macho, ila ukuta haukufika kwa jirani.

Daktari ni dada wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa mikono. Kabla ya sindano nilimwuliza atakata tundu la umbo gani. Nakumbuka marehemu mama alizibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha, na alikatwa gego karibu lote.

"Mzee wangu, wewe ni fundi wa nini?" akauliza. Nilipomwambia, akavuta kiti na kunieleza kama mtu anayezungumza na mwenzake, na hapo ndipo alipoanza kunipata.

Ile dawa ya fedha ni amalgamu: fedha, bati na shaba vikikandwa na zebaki, na zebaki peke yake ni kama nusu ya uzito. Haishiki jino. Inakaa kwa sababu tundu limekatwa likapanuka kwa ndani, kama vile droo nzuri inavyofungwa kwenye kona bila msumari wala gundi. Tena ilihitaji unene wa kutosha, la sivyo inavunjika, kwa hiyo hata sehemu ya jino isiyokuwa na ubaya ilichimbwa. Mpango huo uliwekwa na G.V. Black, daktari wa Marekani aliyefariki 1915, ambaye pia alifundisha kwamba mifereji ya juu ya gego ikatwe hata kama haijaoza, ili isije ikaoza baadaye. Kwa dawa ya wakati wake alikuwa na hoja. Kompositi, ile dawa nyeupe, inagundishwa. Kwa hiyo unakata palipooza na njia ya kukufikisha pale, basi. Kona za ndani ziwe za mviringo, maana kona kali ndiyo mahali ufa unapoanzia.

Dawa ya ganzi ilishika mdomo na nusu ya ulimi, nikapoteza uwezo wa kuuliza maswali, jambo ambalo nadhani lilimfurahisha.

Kisha ikaja raba. Ni kipande chembamba cha mpira kilichotobolewa vitundu, kinavutwa hadi meno machache tu yachomoze na mdomo uliobaki ufunikwe. Unajihisi kama umefungwa turubai, na mwenye pua iliyoziba atateseka. Lakini gundi na mate haviivani. Kitu hiki kilibuniwa New York mwaka 1864, na bado mimi nilikuwa sijawahi kuwekewa. Mtu akiniuliza tofauti ya kliniki hii na ile ya gego la kulia, nitaanzia hapo.

Jambo la pili nililolipenda: kabla ya kuingiza drili kati ya meno mawili, aliingiza bamba jembamba la chuma mbele ya jirani. Drili ile inazunguka zaidi ya mara laki tatu kwa dakika, inamwagiwa maji isilichemshe jino, na ikiteleza unywele mmoja inamchana asiye na kosa. Mimi nikikata karibu na ubao uliokwisha pigwa vanishi naweka kizuizi. Sikujua kama wao pia huweka.

Aliposhuka ndani alibadilisha drili, akachukua ile ya polepole inayonguruma hadi kwenye sikio, halafu kijiko kidogo cha chuma. Pembeni zote alisafisha mpaka kijiko kikawa kinakwaruza pagumu. Katikati, upande wa mshipa wa jino, akaacha. Kuna kioo cha runinga juu ya kiti na kamera ndogo, nikaona mwenyewe pana rangi ya kahawia na hapang'ai. Nikamnyoshea kidole. Kwangu mbao iliyooza haifunikwi kwa plaiwudi.

Akasimamisha kazi kunijibu. Palipobaki, alisema, si maji maji, ni palaini kidogo tu. Akiendelea kukwangua anaweza kufungua chumba cha mshipa, na hapo tutakuwa tunazungumza habari ya matibabu ya mzizi, bei yake mara kadhaa ya hii. Vijidudu vilivyofungiwa chini ya kizibo kisichovuja havipati chakula, na dentini iliyo hai ina uwezo wa kujikaza. Lakini pembeni lazima pawe safi kabisa, kwa sababu pembeni ndipo gundi inaposhika. Mbao haiko hai baada ya kukatwa, jino liko hai. Nilinyamaza, si kwa sababu ya ganzi.

Halafu akatoa patasi. Ndiyo, patasi, ndogo kuliko kijiti cha kiberiti, na kwa mkono akanyoa ukingo wa chini wa tundu. Enameli ina nyuzi zake zinazoelekea upande mmoja, na zile ambazo drili imeziacha bila kitu cha kuziegemeza hukatika zenyewe baadaye na kuacha mwanya. Juu, mahali pa kutafunia, hakulaza ukingo hata kidogo. Dawa ikiishia kwa ncha nyembamba pale itameguka ukikutana na nyoyo, kile chakula cha mahindi na maharage, yenye mahindi magumu.

Ujazaji wenyewe nitaupitia haraka, ingawa ndio watu wanaousifia. Asidi ya fosforiki, jeli ya buluu, sekunde 15 au zaidi kidogo, ikaoshwa. Njia hiyo ya kuparuza enameli kwa asidi ilitoka Marekani mwaka 1955. Akakausha kwa kiasi, kwa sababu dentini ikikaushwa sana gundi haipenyi vizuri. Gundi, taa ya buluu. Kisha dawa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2, maana inaposhikana husinyaa, na ukimimina yote kwa mkupuo itavuta kuta za jino au itabanduka chini. Taa haifiki chini pia kama tabaka ni nene.

Ila kabla ya dawa kuna kitu kimoja sitaki kukiruka. Ukuta wa upande ulijengwa kwa ukanda wa chuma uliopinda kama ubavu wa jino, ukabanwa na pete ya springi, na chini ukachomekwa kabari. Kabari ya mbao! Nilimwomba aninyoshee nyingine niione. Imechongwa vizuri, pembe tatu, nyuzi zimefuata urefu. Kazi yake ni kusukuma meno mawili yaachane kidogo sana, ili ukanda ukitolewa yarudi na kubanana. Amalgamu ilikuwa inashindiliwa kwa nguvu hadi inausukuma ukanda kwa jirani. Kompositi ni laini, haina nguvu hiyo. Asiyeweka kabari na pete anakuachia pengo la nyama, kama langu la kulia.

Uzi wa meno ulipopitishwa mwishoni uliingia kwa mlio, tak, na ukatoka mzima.

Sasa makosa yao. Nililipa shilingi 5,500 kwa M-Pesa kwa jino moja, na eksirei ikahesabiwa kando bila mtu kuniambia mapema. Miadi ya saa tatu ilianza karibu saa tano. Runinga ya mapokezi iko juu mno kwa sauti. Na ganzi ilipoisha nyumbani, gego lilikuwa linawahi kugusana kabla ya mengine. Ile karatasi ya rangi unayoiuma ili ionekane meno yanapogusana haiwezi kusema kweli wakati nusu ya taya haijui iko wapi. Walinipunguzia bure nilipopita tena, dakika chache tu, lakini fundi angenionya kwamba hilo laweza kutokea. Maji baridi yalinichoma kwa muda kidogo, kisha yakaacha.

Kuna jamaa kwenye karakana anasema ningeling'oa tu kwa bei ya chini, maana babu zetu walitolewa meno sita ya mbele ya chini kwa mila na wakaishi. Kweli babu alikuwa na pengo hilo. Magego yake lakini alikuwa nayo yote, na miwa aliitafuna mbele ya wajukuu kwa kujionyesha.

Nawapa nyota nne. Gego la kulia nimeshaliwekea miadi palepale, lifunguliwe lijengwe upya. Mkienda, ulizeni kwa simu kwanza kama raba ipo na kama eksirei iko ndani ya bei, na msichukue Jumatano, siku hiyo yupo mwenzake na sijawahi kuiona kazi yake.