Nilivyoiruka SQL kwenye MySQL, utamu wake na jasho lake

Mimi nina mfumo wa vocha za wifi, mteja anaingiza kodi, yaani namba ya siri ya vocha, seva inaangalia kama ipo na zimebaki dakika ngapi, basi. Swali ni lilelile mchana kutwa lakini kila likija MySQL, programu inayonitunzia data, inaanza upya, inasoma SQL yote (lugha ya kuiuliza maswali), inapanga njia, inafungua tebo, ndo itoe kamstari kamoja ambako tayari kako kwenye ram. Jioni watu wakirudi makwao feni ya seva ilikuwa inalia kama pikipiki mbovu.

Nilishasoma kuhusu HandlerSocket, nyongeza ya kuchota data ya MySQL bila SQL, ya wale Wajapani wa kampuni ya DeNA, 2010 walitangaza kwiri (maswali) 750,000 kwa sekunde wakati kwa SQL walikuwa wanapata kama 105,000. Mimi nikachukua plagini ya memcached, yaani nyongeza ya kuchota data kwa amri fupi za ufunguo, iliyokuwa inakuja na MySQL yenyewe tangu toleo la 5.6, uvivu tu wa kukompaili. Unaiambia tebo ipi, kolamu ipi ndo ufunguo, zipi zitoke, halafu unaongea nayo poti 11211. Nikaingia kwa telnet, programu ya kuongea na poti kwa maandishi, nikaandika get na kodi ya vocha, kabla sijatoa kidole kwenye enta jibu lishafika, kolamu zimetenganishwa na kimstari |. Nilicheka peke yangu usiku ule. Na data ni ileile ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi tebo, ripoti za mwezi unapiga kwa SQL kama kawaida.

Sasa jasho. Siku moja namba zilikuwa zinanichanganya nikasema ngoja nisafishe kumbukumbu ya muda, nikaandika amri ya flush_all. Jamani, ukiwa na setingi za mwanzo, hiyo haisafishi kumbukumbu, inamwaga tebo nzima! Vocha zote hola, simu zikaanza, nikarudisha bakapu ya usiku na waliouziwa asubuhi nikawapa mpya bure. Kosa langu, sikusoma tebo ya setingi inayoitwa cache_policies, flush unaizima humohumo. Poti nayo haiulizi paswedi usipoiwekea, kwahiyo ifungie ndani kabisa.

Ukitaka kujoin (kuunganisha) tebo au kutafuta kwa jina, haikufai, ni ya kuchota kwa ufunguo tu.

Ila usianze nayo leo, kuanzia MySQL 8.3 wameshaitoa. Mi nimerudi SQL, kwiri naziandaa mara moja na koneksheni sizifungi ovyo. Feni jioni inasikika, lakini hailii kama zamani.