Banda la kauboi Kaptembwa: sauti safi, lakini wachia mto upana wake

Banda lenyewe la kuonyesha filamu halina jina. Liko Kaptembwa, hapa Nakuru, nyuma ya kisiagi, na utalijua kwa ubao wa chaki ulioegemezwa mlangoni: KAUBOI JUMAPILI SAA 8. Kiingilio shilingi 30, watoto 10. Ndani kuna mabenchi saba na televisheni ya inchi 55 iliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma. Kizimba hicho nilikichomelea mimi na nikalipwa chote, kwa hivyo sina deni la kunifanya niseme uongo.

Mimi ni mtu wa Webuye. Nimekulia karibu na maporomoko ya Nabuyole, pale mto Nzoia unapojirusha juu ya mawe, na wazee wetu bado walikuwa wakiuita mji Broderick Falls. Kwa hivyo wenzangu bandani wakihesabu maiti, mimi natazama maji. Staringi hafi, hilo tunalijua kabla ya kuketi. Mto ndio hujui utafanya nini.

Shida ya filamu za makauboi ni kwamba wengi wanaishi kwenye ukame. Mwongozaji John Ford alipeleka kamera Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona, akatengeneza Stagecoach ya 1939, na tangu hapo watu wengi wanadhani magharibi yote ya Marekani ni vumbi jekundu na majabali yaliyosimama kama vichuguu. Zile Clint Eastwood alizoigiza kwa Waitaliano, jangwa lake hata si la Marekani. Ni Tabernas, kule Almería, Uhispania. Waitaliano wakitaka maji walikuwa na maporomoko yao mafupi ya Monte Gelato, kaskazini mwa Roma. Ukishayajua sura utayaona yakirudi filamu baada ya filamu, kama kibarua anayeitwa kila kazi ikitokea.

Sasa Jumapili iliyopita nikampelekea kijana mwenye banda flashi yangu yenye River of No Return, yaani mto wa kwenda bila kurudi, ya 1954, waigizaji wakiwa Robert Mitchum na Marilyn Monroe. Mto unaoitwa hivyo kwa sifa ni Salmon wa Idaho, lakini picha zilipigwa Kanada, kwenye milima ya Banff na Jasper, na kweli ni nchi ya kukutoa ulimi: misonobari, theluji juu, maji ya kijani yanayokimbia kama yamefukuzwa. Mwanamume, mwanamke na mtoto wako juu ya chelezo. Hakuna barabara, ni mto tu.

Dakika ya tano kijana akachukua rimoti. Filamu hiyo ilipigwa kwa CinemaScope, upana wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo, ndiyo maana kwenye televisheni inaacha weusi juu na chini. Yeye akaikuza mpaka weusi ukaisha.

"Kijana wangu, rudisha."

"Mzee, wateja wanasema imekatwa juu na chini."

"Haikuwa imekatwa. Sasa ndiyo umeikata."

Akacheka, akaenda kuuza karanga. Tukatazama filamu iliyopoteza karibu theluthi moja, pembeni kushoto na kulia, yaani milima. Kuna mahali Monroe anasaidiwa kushuka kwenye chelezo, na furushi lake linamponyoka, linachukuliwa na maji taratibu. Kamera hailifuati, hakuna anayelilia. Bandani sikuliona kabisa. Nimeliona juzi nyumbani kwa simu ya binti yangu, picha ikiwa nzima, nikarudisha nyuma mara tatu. Vitu vyote alivyokuwa navyo mwanamke yule vinaondoka kimya huku sisi tunatazama watu. Mtu aliyewahi kupoteza ndala Nzoia anaelewa.

Niseme pia ukweli kuhusu filamu yenyewe. Wakionyeshwa kwa mbali, chelezo kiko mtoni. Wakisogezwa karibu, mto ni picha tu kwenye pazia nyuma yao, na maji wanamwagiwa. Yanatoka upande mmoja, mkupuo mmoja mmoja, kama mtu amesimama pale na karai. Maji ya mto hayaji kwa zamu. Benchi langu lilishtuka, mimi nikacheka peke yangu.

Sifa ya banda ni sauti. Wufa imewekwa sakafuni chini ya televisheni, na maji yalipoanza kunguruma nilisikia kwenye mbavu, jinsi unavyosikia Nabuyole mvua ikiwa imenyesha kwenye milima ya Cherangani, Nzoia inakotoka. Hakuna simu itakupa hiyo. Ila mvua ikinyesha Kaptembwa kwenyewe, mabati yanameza kila neno, na Jumapili ile stima pia ilipotea dakika kumi na mbili. Hatukurudishiwa chochote, na sikuona anayedai.

Kijana na banda lake nawapa nyota tatu kwa tano. Choo hakuna, omba kisiagini. Benchi la pili kutoka mbele, upande wa ukuta, ndilo zuri. La nne linavujiwa. Ukiwahi kabla ya saa nane, keti karibu na kijana, na rimoti iwekwe upande wako.