Mbio za "historia" kando ya Mississippi: njia nzuri, kiongozi nuksi

Njia yenyewe sina ugomvi nayo, hilo nilitoe mapema. Mzunguko ule wa mtoni katikati ya Minneapolis, huku Marekani, unavuka Stone Arch Bridge, unapita Main Street kwenye yale mawe ya kizamani, unarudi kwa daraja la Hennepin, kama kilomita tatu hivi, ukiwa na raba na chupa ya maji yatosha, na ni bure. BURE. Mimi nikalipa hela. Kuna kampuni, jina siliandiki, wanauza ziara ya kukimbia, ati mnafanya jogingi pole pole huku mnaelezwa historia, na kwenye tangazo wamesema kabisa hata kama hujawahi kukimbia, karibu. Nikasema hii ndo yangu.

Tukakutana asubuhi moja msimu wa joto, kiongozi kijana tu, anauliza kila mtu katoka wapi. Huyu Wisconsin, yule Iowa, mimi nikasema naishi Brooklyn Park lakini kwetu Mombasa, Kenya. We! Kijana akapiga makofi. "Kenya! Basi leo wewe ndo utatuvuta!" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ukikaa huku hilo unalizoea, wanadhani sote tumezaliwa Eldoret na viatu vya mbio miguuni. Mimi mtu wa Likoni jamani. Kwetu kukimbia ni kukimbilia feri, na ukiikosa unangoja nyingine, maisha yanaendelea. Lakini toka hapo jina langu likapotea, ikawa Kenya hivi Kenya vile, kaza Kenya, twende Kenya.

Sasa hiyo historia. Tulianzia pale kwenye magofu ya kiwanda cha unga cha Washburn, ambayo siku hizi ni makumbusho. Mwaka 1878 kiwanda kililipuka kwa sababu ya vumbi la unga, unga huu huu wa ngano tunaopigia chapati, ukitanda hewani ukakutana na cheche huwa baruti, wakafa watu 18. Wakakijenga upya na mji ukaendelea kutajirika kwa unga miaka na miaka. Unajua kiongozi alisemaje? "Hapa palilipuka, bum, haya tunyoosheni miguu." Basi. Watu 18 wamekwenda na bum moja. Hayo mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, na vibao viko njia nzima, havidai senti.

Alafu daraja. Ntakwambia ukweli, lile daraja ni zuri mpaka linatia hasira. La mawe, la matao, limepinda kidogo, lilijengwa 1883 na James J. Hill kwa ajili ya treni zake, na watu wa miguu na baiskeli wakafunguliwa 1994. Ukifika katikati maporomoko ya St. Anthony yako mbele yako yote, Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, wanapaita Owámniyomni, na ukitazama vizuri utaona maji yanateremkia juu ya zege, si juu ya mwamba, kwa sababu 1869 watu walichimba handaki chini yake likaporomoka, maporomoko yenyewe nusura yapotee. Nikasimama. Mwenye macho yeyote angesimama.

Kiongozi huyo anarudi. Tena hasimami, anarukaruka pale pale mbele yangu kama aliyebanwa na haja ndogo, jasho linamdondoka kidevuni, saa yake mkononi inalia pii pii, akanigeuzia ile saa usoni nione tumechelewa. Kuchelewa wapi, kuna harusi? Akasema, "Nilidhani nyinyi Wakenya hamsimami." Sikumjibu. Akaongeza, "Kama spidi hii imekushinda, tuna kundi la wazee siku nyingine."

Kundi la wazee! Mimi nina mtoto rika lake. Kwetu hata kama mtu mzima kakuchelewesha kweli, unaanza na samahani mama, ndo unasema shida yako. Na tangazo lilisema pole pole, sikulitunga mimi. Nikamwambia nenda mwanangu, kwa sauti ambayo mtoto wa pwani angejua amekwisha, yeye akaona ni ruhusa, akashukuru akatimua.

Nikamalizia peke yangu, na hapo sasa, wallahi, nikafurahi. Nakimbia kidogo, natembea, nasoma. Nikaona matao mawili ya daraja yameondolewa yakawekwa chuma ili mashua zipite, na kumbe lile lango la kupandishia mashua lenyewe lilishafungwa 2015 ili samaki wa kigeni wasipande mto. Ng'ambo kuna kiwanda cha Pillsbury cha 1881, kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani wakati wake, sasa ni nyumba za wasanii. Nikawa nshamsamehe, nasema labda kijana alikuwa na siku mbaya, labda hata kanifanyia hisani.

Nafika mwisho, wameshapiga picha ya pamoja wameondoka. Na kumbukumbu ya daraja jingine, la barabara kuu, lililoanguka 2007, zile nguzo 13 kila moja na jina la marehemu, ambayo ilikuwa kwenye tangazo na iko karibu na tulipoanzia, mwenzetu mmoja aliyekuwa nyuma ya kiongozi akaniambia baadaye walipita tu bila kusimama. Nikaandika kudai hela yangu, wakajibu kwa upole mwingi sana wakanitumia kuponi ya punguzo. Ya kundi la wazee.

Nilitaka kuwapa nyota mbili, sababu bila wao nisingetoka kitandani asubuhi ile. Sasa nikiandika naona mbili ni nyingi. Moja. Njia ipeni tano, nendeni wenyewe mapema kabla baiskeli hazijajaa darajani, shukeni treni ya U.S. Bank Stadium mteremke kwa miguu mpaka mtoni, na mkiulizwa mmetoka wapi semeni Iowa.