Masanduku mawili ya vifaa wodini: nyota 4, na sababu zake

Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi, kwa hiyo tathmini hii ni ya mtumiaji. Mauzo hayanihusu. Bidhaa yenyewe ni rafu yenye masanduku ya plastiki na kadi, na huuzwa pamoja na mafunzo ya kuitumia.

Kila kifaa kina masanduku mawili, moja mbele na jingine nyuma. Unachukua la mbele mpaka liishe, unaliweka rafu ya chini pamoja na kadi yake yenye jina la kifaa na idadi, kisha unavuta la nyuma. Mtu wa stoo akipita anakusanya matupu na kuyarudisha yamejaa. Fomu ya kuagiza haipo, sanduku tupu ndilo agizo. Na kwa kuwa la zamani huisha kabla jipya halijaguswa, hatukuti tena gozi (vitambaa vya kufungia vidonda) zilizokwisha muda zimelala nyuma ya kabati.

Hiyo ni kanbani ya Toyota, yaani mbinu ya kiwanda cha magari ya kuagiza kwa kadi. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliipata kwa kutafakari supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja walivyochukua, akaanza kuitumia kiwandani mwaka 1953. Wenzangu walibetua midomo: mgonjwa si gari! Kweli si gari, lakini glavu ni glavu popote ilipo. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle ilipeleka viongozi wake Japani mwaka 2002 wakajifunze viwandani, na haikuwageuza wagonjwa kuwa vipuri.

Kinachoamua kila kitu ni idadi iliyomo kwenye sanduku. Chukua wodi inayotumia kanula (vijibomba vya kuingiza dawa kwenye mshipa) 40 kwa siku, na stoo inachukua siku 2 kuleta. Sanduku lazima libebe 80, pamoja na nyongeza, tuseme 20, kwa ajili ya siku wagonjwa wanapofurika. Hapo ndipo waliotuuzia walipotuangusha. Walikuja na idadi zilizokwisha andikwa, za wodi nyingine kabisa, ikawa pamba inamwagika huku kanula za watoto zinaisha. Tulianza kukaa vizuri pale tulipoziweka pembeni kadi zao na kuandika matumizi yetu wenyewe, zamu kwa zamu.

Wageni wafundishwe jambo moja mapema: usichote pande zote mbili. Ukichota la nyuma wakati la mbele bado lina kitu, yote yataisha kwa pamoja na hakuna atakayejua mpaka mgonjwa yuko kitandani anasubiri.

Kuna vitu ambavyo nisingeviweka humo hata kwa bure. Adrenalini, dawa ya dharura, na vifaa vya troli ya dharura vinaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa, na sanduku lisiloisha halimwiti mtu. Vitu hivyo hukaguliwa kila zamu kwa orodha. Mofini, dawa kali ya maumivu, nayo ina kabati lake la kufuli na daftari lake.

Faida kubwa kwangu haikuwa kwenye kipeperushi chao. Zamani kila muuguzi alikuwa na akiba ya siri, kanula nyuma ya mafaili, plasta mfukoni. Hawakuwa wezi, walikuwa wamechoka kukimbilia stoo katikati ya zamu. Akiba hizo zilipungua polepole baada ya watu kuona masanduku yanarudi kweli, pamoja na Jumapili. Wiki mtu wa stoo asipopita, mifuko inajaa upya. Kwa hiyo kabla hujanunua, ulizia nani atapita, saa ngapi, na nani atashika nafasi yake akiwa likizo. Kama jibu halipo, kabati lenu la sasa linatosha.

Masanduku ni imara na yanafutika vizuri. Vishikio vya kadi vimebandikwa kwa gundi inayoachia kila tukipangusa kwa klorini. Nyota ya tano nimewanyima kwa ajili ya gundi hiyo na zile kadi za wodi ya wenyewe.