Kifaa cha kusaidia kusikia, cha nyuma ya sikio, cha betri namba 13: kinamfaa mzee?

Mzee akitoka kupimwa masikio, karatasi yake huenda ikaandikwa "presbycusis". Ni Kiingereza cha madaktari, lakini mzizi ni wa Kigiriki: presbys ni mzee, akousis ni kusikia. Presbys huyo huyo ndiye aliyelipa jina kanisa la Presbyterian, linaloongozwa na wazee. Basi ni usikivu uliopungua kwa umri, na kuchokoa sikio kwa njiti hakusaidii kitu.

Uzeeni, sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda: s, f, sh, t. Irabu hubaki. Mzee anasikia kabisa kwamba umesema, ila "fika", "shika" na "pika" kwake zote ni "ika". Ndiyo maana vipaza sauti vya sikioni vya bei rahisi humchosha: vingi hupandisha kila kitu kwa pamoja, sahani zikigongana anavivua. Kifaa hiki cha kidijitali hupangwa kwa kompyuta kufuata odiogramu yake, yaani mchoro wa vipimo vya usikivu wake, kikaongeza pale palipopungua. Hapo ndipo pesa inapokwenda, na inastahili. Muuzaji asiyeulizia karatasi ya vipimo, achana naye.

Betri namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, hufanya kazi kwa zinki na hewa. Bandua kibandiko, iache wazi dakika 5, ndipo uitie. Ukiharakisha, hewa haijaingia ya kutosha na nguvu hupungua. Ikishabanduliwa inaendelea kuisha hata kifaa kikiwa kabatini. Tarajia wiki 1 hadi 2. Uzuri wake, vidole vya mzee vinaimudu. Namba 312 ni ndogo, humponyoka.

Kikipiga mluzi, usikimbilie kupunguza sauti. Tazama kwanza kama kipande cha sikioni kimekaa sawasawa, kama nta imeziba njia ya sikio, kama mrija unaopeleka sauti sikioni umekakamaa na kuwa wa manjano. Mrija hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6. Kwa watu wa pwani adui ni jasho na unyevu: usiku fungua kijumba cha betri, ukiweke kifaa ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu.

Kasoro yake iko kwenye kelele. Harusini bado atapata tabu, hivyo mkalishe mbali na spika, na anayeongea naye amkabili usoni. Wiki ya kwanza avae saa 1 au 2 kwa siku, nyumbani palipotulia, kisha aongeze kidogo kidogo.